Kufufua Windows iliyoharibika kwenye kompyuta ya zamani: mwongozo kamili kwa mazingira ya Goma

Kompyuta nyingi zinazoletwa mezani pangu hapa Goma zikiwa na Windows isiyofunguka huwa zimekwisha kuhukumiwa njiani. Mwenye mashine ameshaambiwa na jirani, au na kijana wa duka la simu, kwamba dawa ni moja tu, kuformati, naye anapoiweka mezani hutamka mambo mawili yasiyoweza kwenda pamoja: "Fundi, uiformati tu, ila TFC yangu isipotee." TFC hiyo, yaani kazi ya kuhitimu chuo kikuu, mara nyingi haina nakala mahali pengine popote. Mwongozo huu unahusu mashine ya namna hiyo: laptopu au kompyuta ya mezani yenye umri wa miaka kumi au zaidi, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika ng'ambo, yenye Windows 7 au Windows 10, ambayo asubuhi moja imekataa kufunguka. Mpangilio wa kazi ni mmoja na siubadilishi: kwanza najua kama chombo chenyewe ni kizima, kisha natoa mali ya mwenyewe, na hapo ndipo naigusa Windows.

Kabla ya kuwasha

Anza na umeme. Kazi ya kukagua diski ya zamani inaweza kuchukua saa nne au tano, na umeme ukikatika wakati mfumo unaandika juu ya diski, uharibifu mdogo hugeuka kuwa mkubwa. Laptopu ambayo betri yake imekufa haina tofauti na kompyuta ya mezani. Zote mbili zifungwe kwenye ondulere, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, au kwenye mfumo wa betri za sola uliojaa vizuri, wala usianze jioni, saa ambazo kila nyumba imewasha kila kitu na taa zinapungua nguvu.

Jambo la pili ni vumbi. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, na mitaa iliyopitiwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ina vumbi jeusi, laini, linalopenya kila tundu. Nimefungua laptopu ambazo feni yake ilikuwa imezibwa na tabaka la vumbi nene kama kitambaa, kiasi kwamba ungeweza kulivua kwa vidole likatoka zima. Mashine kama hiyo hupata joto kupita kiasi na kujizima yenyewe, wakati mwingine katikati ya sasisho la Windows, na mwenyewe huona tu kwamba "Windows imeharibika". Ondoa betri, gusa chuma ili kutoa umeme tuli mwilini, kisha safisha kwa brashi laini huku ukishikilia feni kwa kidole ili isizunguke. Ukiwa ndani, toa vibao vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa unga wote, na uvirudishe mpaka usikie vimeshika pande zote mbili.

Tatu, na hapa nakaa zaidi kwa sababu ndipo mafundi wengi hupotea, iangalie betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu. Karibu kila mara ni ya aina ya CR2032, yenye volti 3. Katika mashine ya miaka kumi betri hiyo mara nyingi imekwisha, na ikiisha, mipangilio ya BIOS, programu ya msingi ya ubao mkuu, hurudi kama ilivyotoka kiwandani kila mara umeme unapokatika. Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni saa: kompyuta inaamini iko mwaka 2009, tovuti salama zinakataa kufunguka, na Windows inalalamika kuhusu uhalali wake. La pili ni baya zaidi: njia ambayo ubao mkuu unazungumza na diski inaweza kubadilika kutoka IDE kwenda AHCI, au kinyume chake. Windows 7 iliyosakinishwa kwa njia moja haiwezi kuwaka kwa nyingine isipokuwa imeandaliwa. Inaonyesha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B na kujiwasha upya bila kikomo. Hakuna faili hata moja iliyoharibika hapo. Unaingia BIOS, unatafuta mpangilio wa SATA, unaurudisha ulivyokuwa, unaweka betri mpya, na kazi imekwisha kwa dakika kumi. Ipime betri kwa multimeta. Ikisoma chini ya volti 2.8, mimi huibadilisha bila kujiuliza.

Sikiliza mashine, kisha soma inachosema

Iwashe na uweke sikio karibu na diski. Diski nzima huvuma kwa sauti moja, ikikwaruza kidogo inaposoma. Ukisikia tik, tik, tik yenye mdundo sawa, kisha kimya, kisha tik tena, zima mara moja: kichwa cha kusomea kinatafuta njia na hakiioni, na kila dakika unayoiacha ikizunguka inapunguza kinachoweza kuokolewa.

Kama sauti ni nzuri, andika ujumbe wa skrini neno kwa neno au upige picha. Ujumbe kwamba BOOTMGR haipo, au namba 0xc000000e na 0xc000000f, humaanisha kwa kawaida kwamba faili za kuwashia ndizo zilizopotea huku Windows yenyewe ikiwa salama. Ujumbe kwamba hakuna mfumo endeshi uliopatikana unaweza kumaanisha kitu rahisi kabisa, kwa mfano flashi iliyosahaulika kwenye tundu, au BIOS iliyopanga upya mfuatano wa vifaa. Skrini za buluu zinazobadilisha namba kila mara, leo hii na kesho ile, hunifanya nishuku RAM. Hapo naendesha MemTest86+, programu ya kupima RAM, na kuiacha imalize angalau mzunguko mmoja mzima. Ikitokea mistari myekundu, jaribu kibao kimoja kimoja mpaka umpate mwenye kosa, maana kutengeneza Windows juu ya RAM mbovu ni kuchota maji kwa tenga.

Flashi ya kazi

Tafuta flashi ya GB 16 na uiwekee Ventoy, programu ya bure inayokuruhusu kunakili faili za ISO kadhaa, yaani nakala za diski nzima za kusakinishia, kwenye flashi moja na kuchagua ya kuwasha. Weka humo ISO ya Windows ya toleo lilelile lililo kwenye mashine, ya biti zilezile, 32 au 64, na ikiwezekana ya lugha ileile. Kwetu mara nyingi ni Kifaransa. Ongeza mifumo endeshi ya bure: Linux Mint kwa mashine za biti 64, na antiX kwa zile za biti 32 au zenye RAM ndogo. ISO ya Windows 10 inazidi GB 4, na kwa bei ya mega za intaneti hapa ni busara kuinakili kwa fundi mwenzako kuliko kuipakua upya. Lakini faili iliyopita mikono mingi huweza kufika imekatika au imechezewa, kwa hiyo ihakiki kwenye kompyuta nzima kwa amri hii, kisha ulinganishe na namba iliyotolewa na mtengenezaji:

certutil -hashfile windows10.iso SHA256

Ili kuwasha kwa flashi, bonyeza F12 kwenye Dell, Lenovo na Toshiba, F9 kwenye HP, Esc kwenye Asus. Kwenye Acer ni F12 pia, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS. Kwa Windows 7 tumia tundu la USB la zamani, jeusi, na si la buluu, kwa kuwa Windows 7 haikuja na viendeshi, yaani programu za kuendeshea kifaa, vya USB 3.0 na kibodi au flashi inaweza kutoonekana.

Toa mali ya mwenyewe kwanza

Miaka michache iliyopita nilipokea laptopu ya mama mmoja muuza vitenge, yenye hesabu zake zote na picha za harusi ya binti yake. Windows ilikuwa inafika nusu na kukwama. Nilikimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kabla ya kunakili chochote, kwa kuwa niliiona ni njia fupi. Diski ilikuwa imeanza kufa. Baada ya saa mbili amri ilimaliza, Windows ikawaka, na kwenye diski kulikuwa na folda mpya iitwayo FOUND.000 iliyojaa mamia ya vipande vyenye majina kama FILE0001.CHK. Hizo ndizo zilikuwa picha za harusi. Kazi ya chkdsk ni kuufanya mpangilio wa diski uwe sahihi, hata kama usahihi huo unapatikana kwa kukata faili ambazo hazisomeki; kazi yake si kulinda yaliyomo. Nililazimika kumweleza mama yule hivyo uso kwa uso, na tangu siku ile sijaiendesha tena kwenye diski ambayo sijainakili.

Kwa hiyo washa Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Fungua programu yake ya diski na usome taarifa za SMART, ambazo diski hujiandikia yenyewe. Namba tatu ndizo za kutazamwa: 5, yaani sehemu zilizokwisha kubadilishwa, 197, sehemu zinazosubiri kuamuliwa, na 198, sehemu zisizosomeka kabisa. Zikiwa sifuri zote, diski ina afya na tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa la mfumo. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri, chukulia kwamba diski iko safarini kuondoka, hata kama mashine bado inawaka.

Diski ikiwa nzima, ifungue kwa kusoma tu, ukiweka namba ya kigawanyo, yaani sehemu ya diski, ulichokiona kwenye programu ya diski:

sudo mount -o ro /dev/sda2 /mnt

Kisha nakili kwenda diski ya nje. Usishtuke usipoona folda ya "Utilisateurs" wala "Bureau": majina hayo ya Kifaransa ni vazi ambalo Windows huvalisha folda zake, ila kwenye diski majina halisi ni Users na Desktop. Nakili folda nzima ya mtumiaji, pamoja na AppData iliyofichwa, ambamo programu nyingi za barua pepe huhifadhi barua zake. Usisahau pia folda zilizo nje ya Users, kwa maana watu wengi wa uhasibu huweka data moja kwa moja kwenye C: au D:.

Diski ikiwa inakufa, usinakili faili moja moja. Tumia ddrescue, ambayo huchukua picha ya diski yote, ikianza na sehemu rahisi na kuziacha ngumu mwishoni, na huweka ramani ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko ile mbovu, wala isiwe ya FAT32, kwa kuwa FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4. Hakiki mara mbili kwamba /dev/sda ndiyo diski mbovu, kisha andika:

sudo ddrescue -n /dev/sda /media/mint/nje/picha.img /media/mint/nje/ramani.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sda /media/mint/nje/picha.img /media/mint/nje/ramani.map

Katika hali hii hakuna tena kutengeneza Windows kwenye diski ileile. Nunua nyingine, rudisha picha juu yake, kisha uendelee na hatua zinazofuata ukiwa kwenye diski mpya.

Kibodi itakayokudanganya

Washa sasa kwa ISO ya Windows. Ikikuuliza lugha ya kibodi, chagua Kifaransa, au ile ya Ubelgiji kama mashine ilitoka huko. Kwenye mazingira ya ukarabati, hata hivyo, mara nyingi Windows huamini kwamba kibodi ni ya QWERTY, ya Kiingereza, wakati vitufe vilivyo mbele yako ni vya AZERTY, vya Kifaransa, na nimeona fundi akiacha kazi kwa kudhani amri zimekataa, kumbe anaandika herufi nyingine. Hali ikiwa hiyo, ili kupata a bonyeza kitufe kilichoandikwa Q, na ili kupata q bonyeza A. W iko kwenye Z, na z iko kwenye W. Herufi m iko kwenye kitufe cha koma, na nukta mbili hupatikana kwa Shift pamoja na kitufe cha M. Mkwaju wa kulia, yaani /, ni kitufe cha mwisho cha mstari wa chini kabla ya Shift ya kulia. Na mkwaju wa kushoto, yaani \, uko kwenye kitufe chenye nyota karibu na Enter. Nakili mistari hii kwenye karatasi na uibandike ukutani juu ya meza.

Kutengeneza Windows yenyewe

Kwa Windows 7 ambayo bado inajaribu kuwaka, bonyeza F8 mara kwa mara mara tu baada ya kuwasha na uchague "Dernière bonne configuration connue", yaani mipangilio ya mwisho iliyofanya kazi. Ikiwa kosa lilitokana na kiendeshi kipya, hilo pekee linaweza kutosha. Kama halikutosha, au ikiwa ni Windows 10, chagua "Réparer l'ordinateur", yaani kutengeneza kompyuta, kwenye flashi na uende mpaka "Invite de commandes", dirisha jeusi la amri.

Kosa la kwanza la kuepuka ni la herufi. Ndani ya mazingira haya, C: mara nyingi ni kile kigawanyo kidogo cha MB 100 au 500 chenye faili za kuwashia, na Windows imehamia D:. Andika diskpart, kisha list volume, tazama ukubwa wa kila kigawanyo, toka kwa exit, na uthibitishe kwa dir D:\ kwamba unaona folda ya Windows. Mifano yangu hapa chini inachukulia kwamba Windows iko D:, faili za kuwashia ziko C:, na yaliyomo kwenye ISO ya Windows yako E:.

Kwanza kagua mpangilio wa diski:

chkdsk D: /f

Siongezi /r ila SMART ikiwa safi na bado nina shaka, kwa sababu inasoma diski yote na ndiyo inayokula saa nyingi. Baadaye, ikiwa mashine ilizimika katikati ya sasisho, jambo ambalo kwa umeme wetu ndilo chanzo ninachokutana nacho zaidi kuliko virusi, futa sasisho lililobaki nusu:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Wengi hawaifahamu amri hii, nayo imeniokolea mashine nyingi zilizokwama kwenye duara la kuwaka na kuzima. Jaribu kuwasha baada yake kabla ya kuendelea. Kama bado, linganisha faili za mfumo na nakala zake safi, ukichunga nafasi kati ya maneno:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ikisema imekuta faili mbovu lakini haikuweza kuzirekebisha zote, maana yake ghala la nakala nalo limeharibika. Kwenye Windows 10 ghala hilo hutengenezwa kutoka kwenye flashi, na namba ya mwisho hutegemea toleo, Home au Pro, unaloliona kwa amri ya kwanza:

dism /get-wiminfo /wimfile:E:\sources\install.wim
dism /image:D:\ /cleanup-image /restorehealth /source:wim:E:\sources\install.wim:1

ISO ikiwa na install.esd badala ya install.wim, badilisha jina la faili katika amri zote mbili, na katika ya pili andika pia esd mahali pa wim. Halafu rudia sfc.

Tatizo likiwa la faili za kuwashia, andika bootrec /fixmbr, kisha bootrec /fixboot, kisha bootrec /rebuildbcd, na ukubali ikiuliza kuongeza Windows iliyoiona. Ikijibu kwamba imekuta sifuri, mimi huenda moja kwa moja kwa bcdboot, inayoandika faili hizo upya:

bcdboot D:\Windows /s C:

Kuna uharibifu mmoja zaidi wa kutaja, wa rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, unaojitambulisha kwa ujumbe unaotaja faili kama SYSTEM au SOFTWARE ndani ya folda ya config. Windows 7 hujiwekea nakala zake kwenye D:\Windows\System32\config\RegBack. Zitazame kwa dir. Zikiwa na ukubwa wa kweli, yape majina mapya mafaili mabovu, usiyafute, kisha nakili yale ya RegBack mahali pake. Kwenye Windows 10 kuanzia toleo la 1803 folda hiyo kwa kawaida ina mafaili ya baiti sifuri, na kuyanakili ni kuimaliza mashine. Huko tumia hatua za kurejesha zilizohifadhiwa:

rstrui.exe /offline:D:\Windows=active

Windows 10 ikiwaka lakini ikabaki inayumba, ingia ndani yake, fungua ISO, endesha setup.exe na uchague kuhifadhi faili na programu. Windows yote huwekwa upya huku mali ikibaki. Diski iwe na nafasi ya kutosha, GB 20 hivi.

Ikiwa yote hayo yameshindikana, basi formati, sasa kwa mkono mtulivu, kwa kuwa mali iko nje. Ila hapo mweleze mwenyewe ukweli: msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huu kwa kawaida hazitimizi masharti ya Windows 11. Kwa mtu wa kuandika, kusoma na kutumia intaneti, Linux Mint yenye Xfce, mwonekano wake mwepesi, juu ya SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ndogo ya GB 240 itampa kompyuta inayofunguka haraka kuliko alivyowahi kuiona. Kwa mhasibu mwenye programu ya Windows pekee, SSD hiyohiyo na Windows 10, iliyowekwa mbali na intaneti kadiri inavyowezekana, ndiyo njia iliyobaki.

Kabla ya kuikabidhi

Izime na kuiwasha mara tatu, mojawapo iwe asubuhi ikiwa baridi baada ya kulala usiku mzima. Chunguza virusi, pamoja na flashi zote za mwenyewe, maana zile za sekretarieti za kuchapia huwa na desturi ya kuficha folda na kuacha njia za mkato bandia. Kisha mwite mwenyewe aketi mbele ya kompyuta yake. Afungue kazi yake kwa mkono wake, ashuke mpaka ukurasa wa mwisho, afungue picha tano za folda tofauti, na faili ya hesabu ya mwezi uliopita. Picha ya diski yake ibaki kwako kwa wiki mbili endapo kitu kitakumbukwa baadaye, naye ajue kwamba unayo. Siku ya kumi na tano, mpigie simu, na akikubali, ifute.